Metali Haiozi: Maji Machafu ya Machimbo na Jinsi Yanavyosafishwa

Mara nyingi katika kipindi hiki tunazungumza juu ya mbegu, samadi na majosho. Leo tunazungumza juu ya maji, hasa maji yanayotoka kwenye machimbo ya dhahabu yakiwa yamebeba metali nzito. Tutaeleza maji hayo huchafukaje, husafishwaje, na wewe mkulima ufanye nini ili familia yako, ng'ombe wako na bustani yako visidhurike.

Habari hii ina maneno mengi vijijini. Huyu atasema maji yote ya mtoni ni sumu. Yule atasema hakuna neno, nyweni tu. Maneno hayo yote mawili hayakusaidii. Kinachosaidia ni kujua mambo yanavyokwenda, maana anayejua huuliza swali la haki na hadanganyiki upesi.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Mto Mara huanzia milima ya Mau nchini Kenya, ukapita mbuga za Masai Mara na Serengeti, kisha ukateremka kati ya wilaya ya Tarime upande wa kaskazini na wilaya ya Serengeti upande wa kusini. Baada ya hapo huingia kwenye kinamasi kikubwa na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Upande wa Tarime, mto mdogo wa Tigithe hutoka maeneo ya Nyamongo na kuingia Mara. Kwa hiyo kinachoingia Tigithe hakibaki Tigithe. Mwenye ng'ombe ng'ambo ya Mara, upande wa Serengeti, naye ana haki ya kukiuliza.

Nyamongo ndiko uliko mgodi wa North Mara, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini na kuingia Tigithe. Wenye mgodi walieleza kuwa karatasi za plastiki zilizotandikwa kuzuia maji yasipenye ziliibwa. Wananchi nao walilalamika kuwa mifugo imekufa na watu wameumia ngozi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Norway walipima maji, udongo na tope la maeneo yale, wakakuta baadhi ya maji yana arseniki kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Halafu mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uvujaji wa bwawa la topesumu, na baadaye mwaka huo huo likazuia bwawa hilo lisitumike mpaka lirekebishwe.

Basi hili si jambo la kusadikika. Lakini tukumbuke pia kwamba si kila maji mabaya yametoka mgodini. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yalikuwa meusi, yakanuka, samaki wakafa. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na Serikali ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe wengi pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyomaliza hewa ndani ya maji. Wako walioridhika na maelezo hayo na wako ambao hawakuridhika. Sisi tunachukua fundisho moja: rangi na harufu peke yake havitoshi kumpata mkosaji. Maji ni lazima yapimwe.

MAJI HUCHAFUKAJE

Ndani ya mwamba wenye dhahabu mara nyingi mna jiwe lingine linalong'aa manjano, ambalo limeungana na salfa na chuma. Likiwa chini ya ardhi halina madhara, kwa sababu hewa haifiki. Mgodi ukichimbwa, mawe hayo hutolewa juu, huvunjwa na kurundikwa kama kilima. Sasa hewa inapita katikati yake na mvua inanyesha juu yake. Salfa, hewa na maji vikikutana hufanya asidi, ya jamii ile ile ya maji makali ya betri ya gari. Wako na bakteria wadogo wanaoishi juu ya mawe hayo, na kazi yao huifanya asidi itoke upesi zaidi.

Asidi hiyo ikiteremka ndani ya lundo, huyeyusha metali zilizomo kwenye mawe: chuma, shaba, zinki, nikeli, kadimi, risasi, manganizi na arseniki. Wataalamu hupima ukali wa maji kwa kipimo kinachoitwa pH. Maji ya kawaida yako karibu na 7. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Maji yanayotoka kwenye lundo la mawe ya namna hii yanaweza kuwa 4, au 3, au hata kukaribia ukali wa ndimu.

Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, maana maji hayo yanaweza kuwa maangavu kabisa. Matope ya kawaida hayakai ndani ya maji makali. Huzama, na maji yakabaki kama kioo. Mtu akiyaona husema, "Haya ndiyo maji safi." Kumbe hakuna mdudu, hakuna kiluwiluwi, hakuna jani linaloota ukingoni. Ukiona maji maangavu yasiyo na kiumbe hai, simama kwanza. Tazama mawe ya chini. Utando wa rangi ya kutu ni alama ya chuma. Utando mweupe kama unga uliomwagika unaweza kuwa aluminiamu. Rangi ya kijani na buluu ni shaba. Utando mweusi unaweza kuwa manganizi. Hizi ni alama za kukufanya uulize; uthibitisho hutoka maabara.

Hatari kubwa zaidi huja na mvua za kwanza. Wakati wa kiangazi maji hukauka juu ya mawe na kuacha chumvi za metali. Mvua ya kwanza ikishuka huzikokota chumvi hizo zote kwa mara moja na kuzipeleka bondeni. Kwa hiyo vuli inapoanza na masika yanapoanza, ndipo mfugaji anapotakiwa kuwa macho zaidi.

Na jambo hili haliishi siku mgodi unapofungwa. Jirani zetu wa Uganda walichimba shaba Kilembe, wilaya ya Kasese, kuanzia mwaka 1956 hadi 1982. Marundo yaliyobaki yaliendelea kutoa asidi miaka mingi baada ya mashine kunyamaza, na njia ya maji yake ikaacha ukanda mtupu usioota majani kuelekea Ziwa George. Kumbe lundo linaweza kuishi kuliko aliyelirundika.

METALI SI KINYESI

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kinyesi cha ng'ombe kikiingia mtoni ni kibaya, lakini baada ya muda huoza na kwisha. Viini vya kipindupindu hufa ukichemsha maji. Hata sianidi, ile sumu kali inayotumika kuchenjua dhahabu, inaweza kuvunjwa kwa jua, hewa na dawa mpaka isiwe sianidi tena.

Metali haiozi. Haifi. Haichomeki ikaisha. Risasi iliyoingia bondeni leo itakuwa risasi siku wajukuu zako watakapolima hapo. Tunachoweza ni kuihamisha tu: kuitoa ndani ya maji na kuiweka mahali pengine ambapo haitamfikia mtu. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Maji yetu tumeyasafisha," mjibu vizuri na kwa heshima, kisha muulize: "Ahsante. Na metali mmeiweka wapi?"

HATUA ZA KUSAFISHA

Hatua ya kwanza ni kuzuia asidi isizaliwe. Mawe yenye salfa hutengwa na mawe mengine, hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi uliogandamizwa na kwa mawe yasiyo na asidi, na mifereji huchimbwa ili mvua safi ipite pembeni. Kazi hii ni nafuu kuliko zote zinazofuata.

Hatua ya pili ni kukusanya. Maji yote yaliyokwisha kuchafuka huongozwa kwenye bwawa lililotandikwa karatasi nene ya plastiki ili yasizame ardhini. Ndugu zangu, karatasi hiyo isiguswe. Twajua inafaa kuezekea banda na kuanikia mihogo. Lakini anayeikata anafungua mlango wa sumu kuelekea kwenye kisima cha jirani yake, na karatasi yenyewe imeshika sumu. Mwenye mgodi naye ana wajibu wa kuilinda na kuikagua, asingoje iibwe ndipo aseme.

Hatua ya tatu ni chokaa na hewa. Chokaa iliyozimwa huchanganywa na maji hayo kwenye matangi, huku yakikorogwa na kupulizwa hewa. Chokaa hupunguza ukali. Ukali ukipungua, metali haziwezi tena kubaki zimeyeyuka; hugeuka chembe na kuzama. Chuma kilichopata hewa hutangulia, kikazama kama kutu ukali ukiwa bado karibu na 4. Kutu hiyo ina faida kubwa: arseniki hujishikiza juu yake na kuzama pamoja nayo. Shaba hufuata maji yakifika 7 au 8. Zinki, nikeli na kadimi hungoja mpaka karibu 9 au zaidi, na manganizi huwa ya mwisho. Aluminiamu nayo ina tabia yake: huzama mapema, lakini chokaa ikizidi sana huyeyuka tena.

Kwa hiyo kumwaga chokaa tu hakutoshi. Lazima mtu apime, akoroge, angoje, apime tena. Mwisho wake maji yaliyopandishwa sana huteremshwa yawe kati ya 6 na 9 kabla ya kuachiwa.

Tufanye hesabu. Lita moja ya maji makali ikiwa na gramu moja ya asidi ya salfa, lita milioni moja zina tani moja ya asidi. Kuivunja asidi hiyo kunahitaji chokaa iliyozimwa karibu robo tatu ya tani, yaani mifuko 30 ya kilo 25, na bado hujaongeza ya kuzamisha metali. Bwawa la mgodi huwa na mamilioni mengi ya lita. Basi utaona kwamba kazi hii si ya mwanakijiji na mfuko wake mmoja. Ni ya mwenye mgodi, na hufanyika mahali maji yanapotoka, kabla hayajauona mto.

Wala usitupe chokaa kisimani au kijitoni ukidhani unatibu. Chokaa huunguza macho na ngozi, na metali itakayozama itabaki pale pale chini, ikingoja kukorogwa na ndoo.

Hatua ya nne ni kutuliza. Maji hupita kwenye matangi au mabwawa yaliyotulia, tope likabaki chini.

Hatua ya tano ni mchujo mwembamba. Baada ya chokaa, maji huwa bado na chumvi nyingi za salfa. Mitambo husukuma maji kwa nguvu kupitia ngozi maalumu yenye matundu madogo mno, maji yakapita na chumvi ikabaki. Kwa njia hii hata maji ya machimbo yanaweza kunyweka. Huko eMalahleni, Afrika ya Kusini, tangu mwaka 2007 kumekuwa na mtambo unaosafisha maji ya migodi ya makaa ya mawe na kuyapeleka mabombani mwa wananchi. Kwa hiyo mtu asikwambie haiwezekani. Inawezekana, ila ina gharama, na hata hapo maji ya chumvi kali yanayobaki nyuma ya mchujo lazima yawe na mahali pa kuwekwa.

TOPE LIENDE WAPI

Tope linalobaki baada ya chokaa ndilo limebeba ile metali yote. Likikaa mahali pakavu, palipotandikwa na kufunikwa, metali hutulia. Likikutana tena na maji makali, metali huyeyuka na kurudi mtoni, na kazi yote ikawa bure. Kwa hiyo mahali pa tope panahitaji ulinzi miaka na miaka.

Kingo za mabwawa ya tope nazo hukaguliwa. Tarehe 7 Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilaya ya Kishapu, lilipasuka, na tope likafunika mashamba na nyumba za watu. Ukiishi chini ya bwawa la namna hiyo, uliza katika mkutano wa kijiji: linakaguliwa na nani, lini, na likipasuka tukimbilie wapi? Hayo ni maswali ya mwenye nyumba, wala si uchochezi.

Tena, usichukue mchanga wala kifusi cha mgodini kujengea, kusiribia nyumba au kujaza barabara ya kwenu bila kuhakikishiwa na wanaopima. Ukikileta nyumbani umeleta lundo dogo la kwako mwenyewe.

MATETE NA MAFUNJO

Baadhi ya wasikilizaji huuliza: je, kinamasi hakisafishi maji? Husafisha kiasi, na wataalamu hutengeneza vinamasi vya makusudi kwa kazi hiyo. Maji hupita polepole katikati ya matete, chuma kikazama. Chini, penye majani yaliyooza na pasipo hewa, wako bakteria wanaoigeuza salfa ili izishike metali tena kama zilivyokuwa ndani ya mwamba. Ndiyo maana tope la hapo hunuka kama yai viza.

Lakini njia hii inafaa kwa maji machache yasiyo makali sana, hasa baada ya chokaa. Na metali bado ipo, sasa imo ndani ya tope na mizizi. Matete ya mahali hapo yasikatwe kulisha ng'ombe wala kutandazwa bustanini. Wala isifikiriwe kuwa kinamasi cha Mto Mara, wanakovua na kulisha watu wengi, ni jalala la Mungu la kusafishia uchafu wa mtu yeyote.

NYUMBANI: MAMBO YASIYOSAIDIA

Sasa tuje nyumbani kwako, mama na baba. Tumefundishwa kuchemsha maji, na ni vizuri sana, endeleeni. Kuchemsha huua viini vya kuhara. Lakini hakuondoi metali. Weka lita 10 jikoni zichemke mpaka zibaki 8: metali iliyokuwa katika lita 10 sasa imo yote katika lita 8. Imeongezeka ukali kwa robo nzima.

Dawa ya klorini nayo huua viini, metali haiguswi. Shabu na mbegu za mlonge huzamisha matope, na huenda zikapunguza kidogo metali iliyoshikamana na matope, lakini ile iliyoyeyuka inabaki. Kitambaa na mchanga ni hivyo hivyo. Usijipe moyo kwa sababu maji yameng'aa.

Sasa utaniuliza: "Bwana, kiangazi visima vimekauka, mto ndio huo. Ninywe nini?" Ni swali la kweli, na tunajua ndoo moja yaweza kuwa mwendo wa saa nzima. Jibu letu ni kugawa maji kwa kazi. Maji machache yaliyopimwa yakaonekana mema yawe ya kunywa na kupikia, na wa kwanza wawe watoto wadogo na mama wajawazito. Risasi huharibu akili ya mtoto anayekua, na madhara hayo hayarudishwi. Arseniki ya kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, huleta madoa na ugumu wa ngozi, na mwishowe saratani. Mtu mzima anaweza kuvumilia kufua kwa maji ya hali ya chini, mtoto asiyanywe.

Njia iliyo mikononi mwako ni mvua. Bati la mita 8 kwa mita 5 ni mita za mraba 40. Mvua ya milimita 20 itakupa lita 800; toa moja ya tano inayopotea, zinabaki kama lita 640, yaani madebe 32. Karibu na mgodi au makarasha bati hushika vumbi, kwa hiyo mvua ya kwanza baada ya ukame iache iende zake, ndipo ukinge.

Visima virefu navyo ni vizuri, ila vipimwe. Katika nchi hizi zenye dhahabu, arseniki yaweza kuwa ndani ya mwamba wenyewe bila mgodi wowote, ikaingia kisimani kimya kimya. Kisima kipimwe viini na kipimwe metali. Hivyo ni vipimo viwili mbalimbali, na mara nyingi hufanywa kimoja tu.

BUSTANI NA MIFUGO

Mimea haichukui metali sawasawa. Mboga za majani, kama mchicha na sukuma wiki, huvuta kadimi kwa wingi kuliko punje ya mahindi au tunda la nyanya. Risasi kwa kawaida hukaa juu, pamoja na vumbi na udongo ulioshika kwenye jani au kwenye ngozi ya kiazi. Kwa hiyo osha sana majani, menya viazi na mihogo, risasi itapungua. Kadimi iliyokwisha kuingia ndani haioshwi.

Mto ukifurika ukaacha tope la rangi ngeni bustanini, usipande mboga za majani hapo msimu huo. Mwite ofisa ugani, udongo upimwe. Udongo mkali ukitiwa chokaa ya kilimo mpaka ufike kati ya 6 na 7, pamoja na samadi iliyooza vizuri, huishika kadimi, risasi na zinki zisipande kwenye mmea. Lakini kwa arseniki chokaa haisaidii hivyo, na huenda ikaifungua zaidi. Ndiyo maana tunasema pima kwanza, tibu baadaye.

Ng'ombe mmoja mkubwa anaweza kunywa lita 40 na zaidi kwa siku, tena hunywa akilikoroga tope la chini, ambako metali nyingi imekaa. Msimpeleke kwenye kijito kinachotoka chini ya marundo au mabwawa ya mgodi. Kijiji kichimbe lambo upande wa juu, au kiweke birika la kunyweshea. Kondoo wana udhaifu zaidi kwa shaba kuliko ng'ombe. Mnyama akifa ghafla, msigawane nyama kabla bwana mifugo hajafika. Ini na figo ndimo sumu inamolimbikizana, na ndizo anazotaka kuzipima.

KWA WENYE MAKARASHA NA ZEBAKI

Tusiseme wakubwa tu tukawaacha ndugu zetu. Vijana wengi katika wilaya zetu husaga mawe kwenye makarasha na kukamata dhahabu kwa zebaki. Zebaki nayo ni metali nzito, na ikishuka kwenye tope la mto, bakteria huigeuza kuwa ya namna inayopanda kwa samaki, na kutoka kwa samaki ikafika sahanini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020.

Maji ya kuoshea mchanga yasirudi mtoni. Chimbeni mashimo matatu yanayofuatana, yaliyotandikwa plastiki nene, maji yatulie kutoka shimo moja hadi jingine, kisha yatumike tena. Mashimo yawe mbali na mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za namna hii ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Marudio yaliyoguswa na zebaki yasipelekwe kuchenjuliwa kwa sianidi, kwa sababu sianidi huyeyusha zebaki na kuipa miguu ya kwenda mbali.

Zaidi ya yote, mawe yasisagwe wala zebaki isichomwe nyumbani. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa risasi iliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu, yaliyosagwa katika nyua za wazazi wao.

PIMENI NA TOENI TAARIFA

Kijiji kisichokuwa na kumbukumbu hakina cha kusema mkutanoni. Kamati ya mazingira ya kijiji iwe na daftari. Andikeni tarehe, saa, mahali, rangi ya maji, kama samaki wamekufa, kama mvua ilinyesha jana. Mwalimu wa sayansi wa sekondari ya karibu anaweza kuwasaidia kwa karatasi ya litmasi: ya buluu ikigeuka nyekundu, maji yana asidi. Lakini isipogeuka msishangilie. Arseniki inaweza kusafiri ndani ya maji yasiyo makali.

Mkiona badiliko, mwarifuni Ofisa Mtendaji wa Kijiji siku hiyo hiyo, kwa maandishi, nanyi mbaki na nakala. Yeye awaarifu Halmashauri, NEMC, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ndiyo hutoa vibali vya kuachia maji yaliyotumika mtoni. Ombeni sampuli zichukuliwe sehemu tatu: juu ya mgodi, pale maji yanapotokea, na chini yake. Bila sampuli ya juu, hamtaweza kujua mgodi umeongeza nini. Wawakilishi wenu wawepo kushuhudia, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa Kiswahili cha kueleweka. Mkisomewa arseniki au risasi, kumbukeni kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa: miligramu 0.01 kwa lita moja, kwa kila moja ya hizo mbili.

KUMBUKA

Kwanza, metali haiozi wala haifi, huhamishwa tu.
Pili, maji husafishwa kwenye chanzo, kwa chokaa, hewa, kutulia na kuchujwa, na kazi hiyo ni ya mwenye mgodi.
Tatu, kila mara uliza tope limewekwa wapi na linalindwa na nani.
Nne, kuchemsha huua viini lakini hakuondoi metali. Kinga mvua, pima kisima, na maji mema yaanze kwa mtoto.
Tano, mvua za kwanza zikishuka, weka ng'ombe mbali na kijito cha mgodini.
Sita, andika, pima, toa taarifa.

Dhahabu ya Nyamongo itakwisha siku moja, kama dhahabu ya kila mahali. Tigithe na Mara zitaendelea kutiririka, na watakaokunywa ni watoto wetu. Basi tuyalinde maji hayo wakati mwenye mgodi bado yupo na anaweza kuulizwa.